Joto la Miezi ya Mlenda

Kitu cha kwanza ambacho Ikram Shaaban alikiona kwa mzee Petro Matonya ni namna alivyobana pumzi. Mzee alifungua kijimlango cha sanduku jeupe, akakunja magoti mpaka jicho lake likalingana na zebaki, akageuza uso pembeni kuvuta pumzi ya mwisho, kisha akatulia kama mtu aliyezama majini. Alisoma kipimajoto cha kwanza, akasoma cha pili, akaandika kwenye daftari, akafunga mlango. Ndipo akapumua.

"Pumzi ya mtu ni moto," alimweleza. "Ukipumulia humu ndani unapima joto lako, si la serikali."

Ikram alicheka. Alikuwa na shahada ya takwimu, chumba cha kupanga mtaa wa Nzuguni mjini, na kazi ya mkataba ya kumsaidia mhadhiri mmoja, Dakta Hamidu, kuchunguza kama nyanda za kati zimeongezeka joto na kwa kiasi gani. Vituo vya mjini vilikuwa na kumbukumbu zake, lakini vijijini namba zilikuwa haba. Ndiyo maana aliposikia kwamba katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino kuna mzee mwenye madaftari thelathini na tano, moja kwa kila mwaka, hakusubiri kuambiwa mara mbili.

Petro aliianza kazi hiyo mwaka 1989, akiwa kibarua wa shamba la majaribio ya mtama. Walimchagua kwa sababu alijua kusoma na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akapelekwa mjini wiki mbili kujifunza, akarudi na kofia na ufunguo. Miaka tisa baadaye shamba lilifungwa. Wataalamu wakaondoka, magari yakaondoka, hata mabati ya ghala yakaondoka, lakini sanduku jeupe likabaki limesimama juu ya miguu yake minne, mita chache kutoka nyumbani kwake, na Petro akabaki nalo. Posho ilikuja ilipotaka. Yeye alikwenda kila siku saa tatu asubuhi, akasoma joto la juu lililofikiwa jana yake na joto la chini la usiku. Siku aliyomzika mama yake alisoma kwanza, kisha akaenda msibani.

Katika madaftari yote Ikram alikuta siku nne tu zisizo na namba. Zilikuwa za kipindi cha mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini, Petro alipokwama ng'ambo ya korongo. Pale palipotakiwa namba aliandika neno moja: *Sikufika*. Ikram alilipenda neno lile. Alilipiga picha akamtumia mama yake aliyeko Kondoa. Baadaye picha hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko vyote, kwa sababu mtu anayetunga namba hashindwi kutunga za siku nne.

Ilimchukua miezi minne kuingiza namba zote kwenye kompyuta, zaidi ya elfu ishirini na tano. Alikwenda na kurudi kijijini, na kila alipofika mke wa mzee, mama Penina, alimpikia ugali wa uwele na mlenda wa kukausha, mboga ya majani yenye utelezi. Ikram alikula mpaka akaona haya kuomba nyongeza, na mama Penina akamwongeza bila kuombwa.

"Kula, mtaalamu. Namba hazishibishi."

Kisha zikaja hesabu zenyewe. Ikram alitafuta wastani wa joto la mchana kwa kila mwezi wa kila mwaka, akapitisha mstari katikati ya nukta ili aone unaelekea wapi. Kwa miezi tisa ya mwaka mistari ilipanda taratibu, kama ile ya vituo vya mjini, karibu sehemu mbili za kumi za digrii kwa kila miaka kumi. Februari, Machi na Aprili haikufuata mingine. Ilipanda vizuri hadi mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikaanguka kwa digrii moja na nusu kwa mkupuo, ikabaki chini tangu hapo. Hakuna kituo jirani kilichoonyesha kitu kama hicho. Joto haliwezi kuruka kijiji kimoja kwa miezi mitatu kila mwaka.

Ikram alikuwa na siku mbili kabla ya kikao cha wadau, na alikuwa na hamu ya kuonekana mkali. Alijiuliza ni kitu gani kinachoweza kushusha namba hivyo, akajijibu haraka: miezi hiyo ni ya palizi, mzee anashinda shambani, hasomi tena, anakaa jioni anatunga. Jibu lilikaa sawasawa kwenye grafu yake. Akaliamini.

Kikao kilifanyika Novemba katika ukumbi mmoja wa Chamwino. Walikuwepo maofisa kilimo, walimu, wenyeviti wa vijiji na wakulima, watu kama mia. Mzee Petro alikuwa amealikwa ili apongezwe. Alikaa safu ya tatu, amevaa koti la kijivu analovaa kanisani. Ikram alisimama mbele, picha ya mistari ikiwa ukutani nyuma yake, akaeleza miezi tisa ile vizuri sana. Alipofika kwenye mitatu iliyobaki, alisema kwa sauti ileile safi:

"Kwa bahati mbaya, namba za miezi hii zina dalili zote za kupikwa. Tunapendekeza kituo hiki kisitumike."

Mwenyekiti mmoja wa kijiji aligeuka kwenye kiti chake.

"Mzee Matonya, kumbe siku zote ulikuwa jikoni?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka kikao kinapokuwa kirefu. Petro hakucheka wala hakujibu. Aliangalia ukutani, pale palipoandikwa Februari, Machi, Aprili, akaangalia kwa muda mrefu. Chakula kilipoletwa Ikram alimtafuta kwa macho. Kiti kilikuwa kitupu.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Ikram alikaa kitandani Nzuguni na kompyuta mapajani kukamilisha ripoti. Alihitaji aya moja ya kuthibitisha kwamba namba zimetungwa, na kipimo chake kilijulikana, alikuwa amefundishwa mwaka wa pili chuoni. Mtu anayebuni namba huwa na tarakimu anazozipenda. Hupenda kumalizia na sifuri au tano, hukwepa saba, bila kujijua. Namba zilizosomwa kweli humalizikia tarakimu zote kumi karibu sawasawa. Alizihesabu tarakimu za mwisho za Februari, Machi na Aprili kwa miaka yote tangu 2009.

Zilikuwa sawasawa. Saba zilikuwepo, tatu zilikuwepo, sifuri hazikuzidi. Akarudia mara ya pili akidhani amekosea safu. Hakuwa amekosea. Kazi nzima ilichukua dakika ishirini, na alikuwa na dakika hizo ishirini kabla ya kikao. Siku ile alizitumia kuchagua rangi za mistari.

Uso ulimwaka moto akiwa peke yake chumbani. Mama yake alipopiga simu kumuuliza kikao kilikwendaje, alisema kilikwenda vizuri.

Alikwenda kijijini Jumanne, mwanzoni mwa Desemba. Hakuwa na maelezo ya kwa nini namba ziko chini. Alichokuwa nacho ni kwamba mzee hakuzitunga. Mama Penina alikuwa uani anachambua karanga za mbegu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Ndiye wewe uliyesema mume wangu mpishi?"

Ikram alibaki amesimama.

"Miaka arobaini nimeolewa naye," mama Penina aliendelea, akitupa karanga mbovu kwa kuku. "Hajawahi hata kuchemsha maji ya kuoga. Leo anasifiwa upishi wilaya nzima. Kilabuni ndilo jina lake sasa. Unajua yeye ndiye anayesoma somo kanisani Jumapili? Wiki iliyopita kamwambia mchungaji amtafute mwingine. Anasema mtu asomaye namba za uongo, watu watamwaminije akisoma Neno."

"Mama, hakutunga. Nimehakikisha. Mimi ndiye niliyekosea."

"Basi mwambie yeye. Yuko shambani, anapanda kavu, anangoja mvua." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, "Utasimama hapo mpaka lini? Kaa chini."

Ikram hakuweza kukaa. Aliomba alione sanduku. Mama Penina akaunyooshea mkono ufunguo uliotundikwa kwenye msumari, na yeye mwenyewe akafuata nyuma, kwa vile ua wa waya uliozunguka sanduku ulikuwa na lango bovu ambalo mgeni hushindwa kulifungua.

Ndani ya sanduku kila kitu kilikuwa kama alivyokijua, kisafi, vipimajoto vimelala mahali pake. Ikram alirudi nyuma hatua moja ili aone vizuri miguu kama imezama au imeinama. Hapo jicho lake likaangukia paa la sanduku. Juu ya rangi nyeupe kulikuwa na madoa ya duara, ya kijani kilichofifia kuwa kahawia, duara juu ya duara, kila moja upana wa ungo.

"Mama, hapa juu huwa mnaweka nini?"

"Nyungo," mama Penina alijibu, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mlenda. Zamani tulikuwa na tembe, nyumba ya udongo, tunaanika juu ya paa, pana, tambarare, mbuzi hawafiki. Tukajenga hii ya bati. Bati limeinama, ungo unateleza, na majani yanaungua. Chini mbuzi wanamaliza. Humu ndani ya waya hakuna mbuzi, na hili liko juu."

"Mlijenga ya bati mwaka gani?"

"Mwaka Daudi wangu alipomaliza darasa la saba. 2008, mwisho wake. Tulihamia Krismasi."

Ikram aligusa doa moja kwa kidole. "Na majani yanakuwa makavu?"

"Mabichi. Nikiyachuma nayaosha, yana mchanga. Nayatandaza, nafunika na kitenge kilicholowana, maana jua likiyapiga moja kwa moja yanakuwa meusi, na upepo unayabeba. Kitenge nakiacha kianguke mpaka pembeni hivi." Alipitisha mkono juu ya vile vibao vya kando ambavyo hewa hupitia. "Kikikauka nakilowesha tena. Naweka mzee akishasoma, natoa jioni. Kwani vipi?"

Ikram alikaa chini kwenye mchanga. Maji yanayokauka huondoa joto. Mtoto wa sekondari anajua, ndivyo mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Mchana kutwa, miezi mitatu kila mwaka, sanduku lile lilikuwa limevikwa mtungi. Vipimajoto vilisoma ukweli, joto lililokuwa humo ndani. Na yeye alikuwa ameula mlenda ule wenyewe, sahani baada ya sahani, akitafuta majibu kwenye kompyuta. Kwao Kondoa mama yake aliyapandisha majani juu ya kibanda cha kuku kwa sababu ileile ya mbuzi. Hakuna mtu wa nyanda hizi ambaye hajui. Ila yeye alikuja kama mtaalamu, akayaacha nyumbani yale anayoyajua.

"Unaumwa?" mama Penina aliuliza.

Kabla hajajibu, Petro aliingia langoni, jembe begani. Aliwaona wawili chini ya sanduku, akayaona macho ya Ikram yanakoangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umegundua."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua pale ukumbini. Nilipoona miezi ile mitatu ukutani. Nikasema moyoni, hiyo ni miezi ya mlenda." Alishusha jembe. "Kabla ya hapo sikujua. Naapa sikujua."

"Kwa nini hukusema, mzee? Nilikuwa mbele yako."

"Niseme nini? Nisimame mbele ya watu mia, niseme mke wangu kaanika mboga juu ya sanduku la serikali? Wangecheka mara mbili. Bora wacheke mara moja, tena wanicheke mimi."

Mama Penina alimtazama mumewe, akamtazama Ikram, kisha akalitazama sanduku. "Kwa hiyo ni mimi," alisema polepole.

"Si wewe."

"Ni mimi, Petro. Miaka yote hiyo."

"Aliyefundishwa wiki mbili ni nani? Kila asubuhi nilichungulia ndani, nisikute hata buibui. Nyungo nilikuwa naziona. Nyingine nilikushikia mimi mwenyewe. Ndani nililinda, juu sikuangalia." Alisema hayo akiangalia mikono yake. "Basi. Hata kama sikupika, nimeharibu. Ni yaleyale."

"Si yaleyale," Ikram alisema. Aliinuka, akapiga goti moja kama anavyosalimia wazee kwao. "Mzee, nilikuita mwongo bila kupima. Kipimo nilikuwa nacho. Nisamehe."

Petro alimnyooshea mkono.

"Inuka, binti Shaaban. Mimi nimekusamehe. Lakini ulinisema mbele za watu. Msamaha wa uani hautoki nje ya ua. Kesho nikipita kilabuni bado naitwa Mpishi."

"Nitasema palepale ukumbini."

"Utasema nini? Kwamba umemhurumia mzee? Hawatakuamini. Ulisema kwa mistari, inabidi urudi na mistari."

Hayo hayo ndiyo aliyoambiwa na Dakta Hamidu siku ya pili, kwa maneno ya chuoni. Mhadhiri alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Huwezi kuongeza digrii moja na nusu kwenye namba kwa sababu mama mmoja amekuonyesha madoa. Niletee kipimo cha ungo. Unashusha kiasi gani, siku ya jua kiasi gani, siku ya mawingu kiasi gani. Kikao kijacho ni Mei. Ukija nacho, nakupa dakika kumi na kituo kinabaki. Usipokuja nacho, nayaondoa madaftari yote thelathini na tano, na ripoti inabaki kama ulivyoisoma."

Ikram aliondoka ofisini akijua kwamba ripoti ile ina neno "kupikwa" ukurasa wa kumi na moja, na kwamba yeye ndiye aliyeliandika.

Akapeleka vipimo vya sanduku kwa fundi Joel, seremala wa Kizota, ambaye aliuliza kama ni mzinga wa nyuki. Joel alitengeneza jingine lenye kimo kilekile, vibao vilevile, akalipaka nyeupe mara mbili. Vipimajoto wakaazima chuoni. Petro alihesabu hatua ishirini kutoka sanduku la zamani, akachimba mashimo ya miguu mwenyewe, na kabla ya kufukia alipima kimo mara tatu kwa kamba. Mpango ulikuwa rahisi: sanduku jipya libaki wazi, la zamani lianikiwe mlenda kama miaka yote, yote mawili yasomwe kila siku. Tofauti kati yao ndiyo kosa la ungo. Wakilijua, wataliongeza kwenye namba za miezi hiyo mitatu, miaka yote tangu 2009.

Wiki mbili za kwanza waliyasoma bila ungo, ili wajue kama masanduku yanakubaliana. Yalikubaliana, tofauti haikuzidi sehemu moja ya kumi. Petro alituma namba kwa simu kila asubuhi, bila salamu ndefu, kama mtu anayelipia kitu.

Kilichobaki ni mlenda, na mlenda huota wenyewe, porini na pembezoni mwa mashamba, mvua ikishalowesha ardhi. Mwaka huo mvua ilinyesha siku tatu za Desemba ikakata. Krismasi ilipita kavu. Mwaka mpya ukapita. Mtama alioupanda Petro ulichipua, ukainamisha vichwa. Katikati ya Januari Ikram alishindwa kuvumilia, akapiga simu kwa mama Penina.

"Mama, nilete mchicha kutoka soko la mjini? Majani ni majani. Tutaosha, tutafunika na kitenge."

"Mchicha una maji mengi kuliko mlenda. Unataka kupima kosa langu au kosa la wauza mchicha?"

Ikram aliona kwamba mama yule ni mwanatakwimu kuliko yeye.

"Ulishamsema mume wangu kwa haraka mara moja," mama Penina aliongeza. "Sasa tulia."

Akatulia kadiri alivyoweza. Alichora majedwali matupu ya Februari, Machi na Aprili, safu ya sanduku wazi na safu ya sanduku lenye ungo. Aliiandika hotuba ya dakika kumi, sentensi ya kwanza ikiwa jina kamili la Petro Matonya na ya pili ikiwa kosa lake mwenyewe, akaacha nafasi ya namba ambayo bado haikuwepo. Kila Jumapili alimuuliza mama Penina kama mzee amesoma somo kanisani, na kila Jumapili jibu lilikuwa bado.

Tarehe ishirini na tisa Januari, usiku, mvua ilinyesha mjini, ikapiga bati za Nzuguni kwa saa mbili. Asubuhi Ikram alipiga simu kabla ya kunywa chai.

"Imefika huko, mzee?"

"Imefika. Korongo limepitisha maji."

"Na mlenda?"

"Wewe mtoto, mvua ya jana. Unadhani ni uyoga?" Ikram alisikia kitu kama kicheko, cha kwanza tangu Novemba. "Penina katoka alfajiri kuangalia. Kule karibu na kichuguu kaona vichipukizi vidogo, vinaweza kuwa mlenda, vinaweza kuwa magugu. Kavizungushia miiba. Anasema mvua ikirudi mara mbili, wiki mbili tunachuma."

"Na ikirudi mara moja?"

Nyuma ya Petro mama Penina alisema kitu ambacho Ikram hakukisikia.

"Anasema kitenge kimefuliwa. Kuna wingu linapanda upande wa Mpwapwa, ila bado liko mbali. Piga tena kesho. Usipige saa tatu, nitakuwa nasoma."